Kitani cha Ukutani

Jumatatu, 1 Aprili

Naandika kwenye kurasa za nyuma za daftari la vipimo, kwa sababu ndilo daftari pekee ninalojua liko wapi. Mbele kuna vifua na viuno vya wateja. Huku nyuma nitaweka ukuta.

Jana mwashi alimaliza kupiga plasta. Ni ukuta wa sebuleni upande wa dirisha, ule ulioloa mvua ya Machi, ukavimba, na asubuhi moja plasta yake yote ikadondoka mama akiwa anakunywa chai. Sasa ni wa kijivu, umenyooka, hauna la kusema. Kuta nyingine tatu bado ni zile za marehemu baba, kuta za kitani.

Asiyejua hudhani tumebandika kitambaa. Mgeni huingia, huketi, halafu huinuka kwenda kugusa. Ni rangi tu. Baba alikuwa fundi rangi, na kitani ndiyo kazi iliyompa jina mjini. Kwanza inapakwa rangi nyepesi ya chini. Ikikauka, juu yake inapakwa rangi laini inayopitisha mwanga, na kabla haijashika inavutwa kwa brashi ngumu, mara ya kulala, mara ya kusimama, mpaka ukuta unapata mtande na mshindio, nyuzi za kusimama na za kulala kama za kitambaa. Sebule yetu ilifanywa nikiwa na miaka tisa. Mimi na kaka tulipelekwa kwa shangazi siku tatu. Tuliporudi mlango ukafunguliwa, tukaona nyumba imevaa.

Mama aliyavumilia matofali wiki moja tu. Halafu akasema, "Miaka thelathini na minane nimekaa na kuta nne. Sasa tatu zinanitazama na moja imenipa kisogo." Akafunga begi, akaenda kwa kaka.

Leo kaka amepiga simu. Ni mwalimu wa hesabu, anapenda kila upande utoke sawa. Shule zikifungwa, tarehe nne Mei, atamrudisha mama na atakuja na rangi nyeupe azipake kuta zote nne, mambo yaishe. Nikauliza mama mwenyewe anasemaje. Anasema tufanye tunavyotaka. Mama akisema hivyo, ujue hataki.

Nimemwambia nitaurudisha ule ukuta wa kitani kwa mkono wangu. Akacheka kwa adabu. Tumekubaliana hivi: akifika akaukuta unafanana na wenzake, nyeupe yake atapaka choo. Usipofanana, atapaka zote. Kazi ya baba itafutwa kwa rola, kwa siku moja.

Alhamisi, 4 Aprili

Amekuja Fundi Ngazi. Alimsaidia baba miaka mingi, na kwa jinsi alivyozoea kumshikia ngazi, watu walisema hata miguu yake ina vipandio. Sasa magoti yamemgomea. Ameugonga ukuta kwa kidole akaniambia nisithubutu kuweka rangi kabla haujakauka ndani. Nibandike kipande cha nailoni, nikizibe kwa utepe pande zote nne, na kila asubuhi nichungulie. Nikiona matone, ukuta bado unatoka jasho.

Nimebandika.

Ijumaa, 5 Aprili

Matone.

Jumapili, 7 Aprili

Matone. Mvua kutwa.

Jumanne, 9 Aprili

Nimefungua sanduku la kazi la baba. Harufu ya tapentaini ikanijaa puani mpaka nikaketi chini. Jioni alikuwa akirudi anasugua vidole kwa tambara, mimi nikimshikia taa ya mkono aone madoa ya kwenye kucha. Mama naye alinukia hivyohivyo, kwa kufua nguo zake. Kwangu hiyo ndiyo ilikuwa harufu ya kuwa na wazazi wawili nyumbani. Watoto wengine walisema nyumba yetu inanuka. Mimi nilizionea huruma nyumba zao.

Ndani kuna daftari dogo. Mwandiko wa baba, ulioinama kulia, wa mtu mwenye haraka:

"Sebule yetu. Chini: krimu ya mafuta, mara mbili. Ute: kitani 1, tapentaini 1, rangi ya udongo vijiko viwili, dawa ya kukausha kidogo sana. Vuta."

Chini ya neno "vuta" hakuna kitu. Kurasa zilizobaki ni hesabu za mabati na majina ya wateja. Na brashi ya kuvutia haimo. Msasa upo, rola zipo, timazi ipo na uzi wake, brashi hakuna.

Ijumaa, 12 Aprili

Nimekwenda duka la vifaa vya ujenzi. Mwenye duka tunamwita Hakipo, kwa sababu hujibu kabla hujamaliza kuuliza. Nikamwambia nataka ute. Akasema wa mayai uko duka la pili. Wateja wakacheka, nami nikacheka kuficha aibu, maana kwa kweli sikujua zaidi ya hapo. Nikamweleza: kitu kisicho na rangi, cha kuchanganya na rangi ili iwe laini, ipitishe mwanga, isikauke upesi. Akainama chini ya meza yake, akatoa kopo la kisasa, la kuchanganya na maji. Linaonekana kama maziwa. Likikauka linakuwa kioo.

Nimenunua hilo, utepe wa karatasi, rola fupi na brashi pana ya chokaa. Brashi ngumu ya kuvutia? Hakipo.

Jumamosi, 13 Aprili

Matone.

Jumatatu, 15 Aprili

Aibu ya leo naiandika ili nisije nikajidai.

Daftari linasema "kitani 1". Mimi ni fundi cherehani. Kwangu kitani ni nguo. Nikawaza, nikafika mahali nikaona nimeshika siri: baba aliloweka kitani halisi kwenye tapentaini, akakibandika kwenye rangi mbichi, akakibandua, alama zikabaki. Ndiyo maana wageni hudanganyika! Nikafungua kabati. Nina kitani safi nilichokiweka miaka kumi na mmoja nikimsubiri mteja anayekistahili. Nikakata mita moja, nikaloweka, nikakandamiza kwenye ubao wa majaribio.

Fundi Ngazi akanikuta nimekishika kile kitambaa kinachuruzika, ubao umechafuka, macho yananiwasha. Akauliza napika nini. Nikamwonyesha daftari. Alicheka mpaka akatafuta kiti cha wateja.

"Mwanangu, hicho ni mafuta. Mafuta ya kitani, yanakamuliwa kwenye mbegu zake. Baba yako akisema kitani moja, tapentaini moja, anasema vikombe."

Akapangusa machozi, akaniambia nguo inatoka kwenye shina na mafuta yanatoka kwenye mbegu za mmea uleule. Baba alipenda kusema kwamba ukuta wake unavaa na kujipaka mafuta kwa mmea mmoja. Sikuwahi kumsikia akisema hivyo. Nimeona wivu kidogo, mtu baki kuwa na maneno ya baba yangu ambayo mimi sina.

Ameniagiza lile tambara nilitandaze kwenye kamba nje. Tambara likiwa na mafuta ya kitani, ukilikunja ukalisahau, linaweza kuwaka lenyewe. La kwangu lina tapentaini tu, lakini amesema nianze kuzoea.

Alhamisi, 18 Aprili

Leo nimefanya uamuzi wa ute. Fundi Ngazi amenipatia chupa ya mafuta ya kitani kutoka kwa seremala rafiki yake. Nimepaka mbao mbili, moja ute wa maji wa Hakipo, moja ute wa baba.

Wa maji hauna harufu na ni mwepesi, lakini jua lilipochungulia kwa nusu saa ukashika nikiwa katikati ya ubao, brashi ikaacha kovu. Mvua iliporudi ulitulia, nikavuta vizuri zaidi. Ila nilipousogeza ubao karibu na ukuta wa zamani, rangi ilikuwa baridi. Wa mafuta unakaa mbichi zaidi ya saa nzima, unakupa nafasi ya kukosea na kurudia. Ubaya wake ni kwamba msimu huu utachukua siku nne au tano kukauka. Lakini una ule umanjano wa ndani kama wa kuta za baba.

Fundi Ngazi amesema wa mafuta unazeeka na mwenye nyumba. Nimechagua huo. Kopo la Hakipo nitapakia fremu ya kioo changu.

Jumamosi, 20 Aprili

Matone, machache.

Jumapili, 21 Aprili

Matone mawili. Nimeyahesabu.

Jumanne, 23 Aprili

Nailoni kavu! Nimewaita majirani kuangalia kipande cha nailoni kisicho na kitu. Wameangalia, wakanitazama mimi, wakaondoka.

Ijumaa, 26 Aprili

Msasa juzi, rangi ya kwanza ya kushika plasta jana, leo krimu mara ya kwanza. Mgongo umekataa kunyooka. Nimekata suruali ya mteja ikatoka fupi kwa vidole viwili. Nimemwambia ndio mtindo.

Jumamosi, 27 Aprili

Mbao za majaribio zimefika kumi na moja. Brashi ya chokaa nimeipunguza manyoya kwa mkasi wangu mpaka ikawa ngumu na nyembamba. Ute uko sawa, rangi iko sawa. Kuvuta ndiko kumenishinda. Mistari yangu inafanana na mvua ya upepo. Kitani si hivyo. Kitani kina nyuzi nene na nyembamba, lakini zote zinajua zinakokwenda.

Nikamwambia Fundi Ngazi anionyeshe mkono wa baba. Akakuna kichwa. Akasema hajawahi kuuona. Yeye alichanganya ute, akaosha rola, akashika ngazi wakati wa rangi ya chini. Ikifika kuvuta, baba alimpa ruhusa aende nyumbani, mlango ukafungwa. Hata kwa wateja ilikuwa hivyo. Siri ya kazi.

Leo nimemkasirikia baba. Miaka yote hiyo, na hakumfundisha mtu hata mmoja, hata huyu aliyemshikia ngazi, hata sisi wanawe. Ukifunga mlango ukafa na ufunguo, unawaachia watu nini? Nimelifungia daftari lake kabatini.

Jumapili, 28 Aprili

Nimempigia mama. Sikutaka, nilitaka ashtuke akifika, lakini maji yamenifika shingoni. Nikamuuliza kama aliwahi kumwona baba akivuta kitani. Akauliza kama nimefungua madirisha, tapentaini si ya kuchezea. Nikasema ndiyo. Akauliza mvua. Nikasema inanyesha. Alipokuwa anaaga akasema, "Ukivuta, usipumue mpaka ufike chini."

Nimejaribu. Kweli mstari unatulia zaidi. Baba lazima alimwambia.

Jumanne, 30 Aprili

Krimu ya pili imekauka vizuri. Mchana mwanga uliingia kwa ubavu, nikapiga magoti mbele ya ukuta wa zamani na miwani yangu ya kutungia uzi. Nimeona kitu. Karibu na sakafu kila mstari unaishia na kamkia kadogo kanakoinama kushoto. Vimkia vyangu vinainama kulia. Nimetembea kwa magoti kuta zote tatu, vyote kushoto.

Baba alikuwa mtu wa mkono wa kulia, hata makofi yake nayakumbuka upande yalikotokea. Labda alishikilia ukuta kwa mkono mmoja akavuta kwa mwingine. Sijui.

Alhamisi, 2 Mei

Nimeshusha timazi, nimechora alama za penseli, nimebandika utepe kwenye pembe, darini na chini. Nimechuja mafuta kwa soksi ya zamani kama Fundi Ngazi alivyonielekeza.

Ijumaa, 3 Mei

Nimepaka ute kipande cha mita moja, nikavuta. Nikaufuta kwa tambara la tapentaini. Nikapaka tena, nikavuta, nikafuta. Mara nne. Mara ya nne sikulia, nilicheka, na kicheko hicho ndicho kilichoniogopesha.

Rangi ya chini imesalimika. Nimeweka ute ndani ya ndoo na kifuniko juu. Kesho kaka anakuja na nyeupe. Nimezipapasa kuta tatu za baba moja baada ya nyingine, kama mtu anayewaaga watu kituoni, na sikuona haya.

Jumamosi, 4 Mei

Nina mengi na mikono inanuka. Naandika kabla sijasahau mpangilio.

Walifika saa nne asubuhi. Kaka na makopo mawili ya nyeupe, mama na begi lake. Nikamwamkia mama, nikamwambia kaka ameshinda, rola ziko pale. Kaka hakufurahi kama nilivyotegemea. Aliziangalia mbao zangu kumi na moja zilizopangwa sakafuni, akasema, "Dada, kumbe ulikuwa unafanya kweli."

Mama hakuvua hata viatu. Alifunua ndoo, akachovya kidole, akakisugua na gumba, akanusa. Akauliza nani amechanganya. Nikasema mimi, kwa daftari la baba.

"Ute uko sawa," akasema. Kisha akamwambia kaka, "Vua shati zuri. Utashika rola."

Kaka akauliza kama ni rola ya nyeupe. Mama akafungua begi. Chini kabisa, ndani ya kipande cha shuka, ilikuwemo brashi ya kuvutia. Ndipo nikakumbuka kuna kitu alikichukua kwenye sanduku la baba siku ya matanga, na hatukumuuliza, tukidhani ni kumbukumbu yake ya mume. Manyoya yake yamelika upande mmoja, yameinama. Mama akaishika. Akaishika kwa mkono wa kushoto.

Mama yetu anakula kwa kulia, anaandika kwa kulia, anasalimia kwa kulia. Anakata kitambaa kwa kulia, vibaya mno. Utani wa nyumba hii tangu niko mdogo ni kwamba mama hajui kukata mstari ulionyooka. Hata ufundi wa cherehani nilijifunza kwa jirani kwa sababu hiyo.

"Baba yenu alikuwa anapaka," akasema. "Mimi nilikuwa navuta. Hata kwa wateja nilikuwa naingia na chakula chake, halafu mlango unafungwa. Mlidhani kazi ya watu wawili anaifanya na nani?"

Nikakumbuka ile harufu ya mama, niliyodhani ni ya kufua nguo.

Kaka akauliza kwa nini baba alificha. Alisema kwa ukali, kama mtu anayetafuta wa kumlaumu, na mimi nilikuwa nimeshampata tangu wiki iliyopita. Mama akatikisa kichwa. Baba alitaka kusema, tena mara nyingi. Yeye mama ndiye aliyefunga mlango. Alizaliwa na mkono wa shoto, na nyumbani kwao walimfunga mkono huo kwa kitambaa mpaka ukaacha. Haukuacha, ulijificha. Mwaka wa kwanza wa ndoa baba alimwomba ashike brashi kidogo ili apumzike, akaishika kwa mkono uliotangulia. Baba akautazama ule mstari, akaketi.

"Akaniambia, mkono huu umefungwa bure miaka yote. Nikamwambia basi uache ufanye kazi mahali watu hawauoni. Niliona haya, wanangu. Sikuwa na zaidi ya hilo."

Nilitaka kumwomba baba radhi palepale, mbele ya kaka, kwa yale ya Jumamosi iliyopita. Nikalitoa daftari lake kabatini, nikaliweka mezani mahali pake.

Tukaanza. Kaka na rola, kipande kwa kipande, asiache ukingo ukauke. Alikuwa makini kuliko nilivyotegemea, akihesabu kwa sauti ndogo. Kwanza mistari ya kulala. Hiyo mama aliivuta vizuri hadi usawa wa kifua, juu nikafanya mimi, yeye akinielekeza. Ikaja ya kusimama, na hapo tukakwama. Mstari wa kusimama unashuka kutoka dari mpaka sakafu bila kunyanyua brashi. Bega la mama haliinuki tena, na ngazi hatukumruhusu hata kuitazama.

Mama ndiye aliyepata njia. Nianze mimi juu ya ngazi, kwa kushoto, kwa kuwa brashi imeshazoea upande huo. Nishuke nayo kipandio kwa kipandio, na ikifika begani kwake aidake ikiwa inakwenda, isisimame. Mara ya kwanza tuligongana vidole. Kaka akapaka upya. Mara ya pili akaipokea, na niliuhisi mkono wake ukiingia chini ya wangu, wa moto, mkavu, wenye nguvu ambayo sikuwahi kuiona akiitumia jikoni wala popote. Akashuka nayo mpaka chini akapiga magoti, na hakupumua. Kamkia kakainama kushoto.

Tulifanya hivyo ukuta mzima. Fundi Ngazi alipita saa tisa, akasimama mlangoni, na kwa kuwa hakuna aliyeufunga akaona yote. Akavua kofia.

"Kumbe miaka yote ngazi nilimshikia mtu siye," akasema.

Mama alicheka mpaka ikabidi kaka amshike kiwiko.

Jumapili, 5 Mei

Ute mbichi bado. Hakuna kuegemea. Kaka anapaka choo rangi nyeupe.

Alhamisi, 9 Mei

Umekauka. Mvua imekatika leo, kwa mara ya kwanza wiki hii. Kaka amerudi kwake peke yake. Begi la mama liko chumbani kwake, limefunguliwa.

Jumapili, 12 Mei

Nimetoa kitani kilichobaki, kile cha miaka kumi na mmoja. Mteja anayekistahili alikuwa humu ndani wakati wote. Nikampa mama mkasi akate mwenyewe cha kutandika mezani, nikamwambia safari hii akate kwa mkono wake. Akakata kwa kushoto, polepole, ametoa ulimi.

Kimepinda vibaya kuliko zamani. Nikachunguza mkasi, nikagundua umetengenezwa kwa ajili ya mkono wa kulia. Tumecheka tukashindwa kumalizia chai. Nimekipinda ukingo kilivyo. Sikukinyoosha.

Jumapili, 19 Mei

Mwanga wa mchana ukiingia kwa ubavu, ukuta mpya unafanana na wenzake, mtu asiyejua hataona. Mimi naona. Kuna mahali, ukutani kote, nyuzi zinanenepa kidogo, pale brashi ilipotoka mkononi mwangu kwenda mkononi mwake. Kaka angesema ni kasoro. Nimechukua utepe wa kupimia, nikapima kutoka sakafuni mpaka hapo, kisha nikafungua daftari hili upande wa mbele, ukurasa mpya, juu yake nikaandika Mama.

Bega: sentimita 129.